Mjadala: Vipindi vya zamani vya runinga ya taifa ni mali ya nani?

MLETA MADA

Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Juzi siku yangu ilikuwa kama siku nyingine zote: kivuko cha Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dawati lililojaa hati za forodha, mteja aliyetaka kontena lake litoke kabla ya adhuhuri ilhali ushuru haujalipwa, na safari ya kurudi nyumbani nikiwa nimesimama. Baada ya chakula cha usiku, mama aliniomba nimtafutie Vioja Mahakamani ya zamani, kile kichekesho cha kesi za mahakamani. Nilichopata kwenye simu ni kipande kifupi ambacho mtu alikinakili kutoka mkanda wa VHS. Chini ya picha palikuwa na mstari mweupe uliotetemeka, sauti ilizama kila mshtakiwa alipopandisha ghadhabu, na kesi ilipofika patamu picha ikakatika, likaingia tangazo la sabuni. Mama alikuwa ameshacheka vya kutosha, lakini aliniuliza, "Sasa huyu alifungwa au aliachiliwa?" Sikuwa na jibu.

Kipindi hicho kilianza mwaka 1978, wakati kituo chetu kikiitwa Sauti ya Kenya, kabla hakijawa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989. Kilitengenezwa katika studio za umma, na watu walioajiriwa na umma. Kwa hiyo nasema hivi: kila kilichosalia, kuanzia Vioja Mahakamani na Vitimbi hadi taarifa za habari, kiwekwe wazi tukitazame bure, kikiwa kizima na kikiwa na tarehe yake. Najua KBC imekwisha kupakia baadhi ya vipindi mtandaoni, lakini baadhi si hazina. Ufaransa ilifungua sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za redio na runinga kwa umma mwaka 2006 kupitia taasisi yake ya INA. Nani anapinga, na kwa nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mwanangu, mimi nilikuwa fundi wa kanda kwa miaka mingi katika kituo ambacho sitakitaja, na nusu ya unachokidai hakipo. Mikanda ya U-matic, ile yenye upana wa robo tatu ya inchi, iliagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa adimu. Mkuu wa zamu akikosa mkanda mtupu wa kurekodia hotuba ya jioni, alinituma kabatini nikachukue mchezo wa mwezi uliopita. Nimefuta kwa mkono wangu vichekesho ambavyo wewe ulivicheka ukiwa mtoto, nami sikuwa na habari kwamba ninafuta kitu, kwa sababu agizo lilikuwa kurekodi na si kufuta.

Wala si umaskini wetu peke yetu. BBC ya Uingereza nayo ilifuta vipindi vingi vya tamthilia yake Doctor Who, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba tisa vimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo, kwa kuwa nakala zilikuwa zimeuzwa nje. Kituo changu hakikuuza mchezo hata mmoja nje, basi hakuna Jos ya kwenda kupekua.

Hiyo iliyosalia nayo haifunguki kwa kutamani. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya unyevu. Ukiuweka mkanda kwenye mashine, unanata na kuacha utomvu wa kahawia kwenye vichwa vya kusomea. Tiba yake ni kuuoka taratibu kwa saa nyingi katika joto la nyuzi kama 50, kisha kuunakili upesi kabla haujarudia hali yake. Mashine zenyewe hazitengenezwi tena. Ukisema "bure", taja na atakayelipia tanuri, vipuri na fundi.

MCHANGIAJI WA PILI

Shikamoo mzee. Kaka karani, mimi naandika tamthilia, na ninapinga kwa sababu nyingine. Kwanza, waigizaji wale walilipwa kwa kuja studioni siku hiyo, na hakuna aliyewaahidi chochote kwa marudio. Mzee Ojwang wa Vitimbi, yaani mwigizaji Benson Wanjau, alituburudisha kwa miongo kadhaa hadi akaingia katika lugha yetu ya kila siku. Alifariki mwaka 2015, na bado anatuchekesha kila usiku simuni mwa watu. Mnaoita vipindi hivyo mali ya umma mnasahau kwamba sura na sauti zilikuwa za watu.

Pili, masharti ya utangazaji yanavitaka vituo virushe angalau asilimia 40 ya vipindi vya hapa nchini. Ukimpa mwenye kituo maktaba ya bure, atakuwa na vichekesho vya miaka ya themanini vya kujazia saa za jioni bila kumwajiri mwandishi hata mmoja. Tatu, na hili nalisema nikijua nitachukiwa, ucheshi ule ulitegemea mno lafudhi za makabila: huyu hawezi kutamka "r", yule anachanganya "s" na "sh". Wazee wanauita utani wa watani. Mimi nilikulia darasani nikichekwa kwa lafudhi hiyo hiyo.

MLETA MADA

Dada yangu, hoja ya malipo umenishinda nayo, nami naibadilisha kauli yangu. Mtazamaji asilipe, lakini mwigizaji au warithi wake wapate mrabaha kila kipindi kinapotazamwa, na deni hilo lilipwe kutoka fungu lile lile la serikali linaloendesha shirika. Hoja ya kujaza muda inatatulika kwa sharti moja: kipindi cha marudio kisihesabiwe katika hiyo asilimia 40.

Ya lafudhi siikubali yote. Sitaki mama yangu aonyeshwe zamani iliyopigwa pasi. Taarifa za habari za enzi zile zilianza na Rais Moi, awe amefungua daraja au amehudhuria ibada, na hizo nazo nataka zihifadhiwe jinsi zilivyo, maana humo ndimo kijana anaona nani alikuwa na ruhusa ya kuzungumza na nani alikuwa wa kuchekwa.

Wapo watakaosema tusubiri hakimiliki ikome. Sheria yetu inailinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50, kwa hiyo kipindi kilichorushwa mwaka 1978 kitakuwa huru mwisho wa mwaka 2028. Lakini kwa alivyoeleza mzee, gundi haisubiri sheria. Mzee wangu, kama hao waigizaji ni wa kulipwa, majina yao yanapatikana wapi?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Si kwenye mikanda. Ubavuni tuliandika kwa kalamu jina la kipindi na tarehe, na tulipokosa nafasi tuliacha tarehe. Majina ya waigizaji yalikuwa kwenye vocha za malipo, na vocha zilikaa kwa mhasibu, si maktaba. Baada ya miaka kadhaa zilifungwa kwa kamba na kuteremshwa ghala la chini, lile ambalo mvua ya masika ilikuwa ikiingia. Aanze huko anayetaka kuanza, tena aende na glavu.