Kuongea mbele za watu: klabu, kozi ya kulipia, kumfuata MC au kujirekodi kwa simu?

Muuguzi_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Tanga. Kila asubuhi kabla huduma hazijaanza natoa elimu ya afya kwa wajawazito: dalili za hatari, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, maandalizi ya kujifungua. Mada nazijua vizuri, ila nikishaanza tu naona huyu kashika simu, yule anaongea na jirani yake, na nikiuliza kama kuna swali, kimya. Sasa nimepangiwa kwenda na kwenye mikutano ya vijiji, mbele ya wazee na viongozi.

Nimefikiria njia nne: klabu ya Toastmasters (ile ya watu wanaokutana kufanya mazoezi ya kuhutubia), kozi ya kulipia ya mwisho wa wiki, kumfuata MC mzoefu, au kujirekodi mwenyewe. Naomba mliozipitia mnilinganishie. Dar kwangu ni mbali na kipato ni mshahara wa kawaida.

KipazaDar:
Dada, mimi ni mwanachama wa Toastmasters hapa Dar. Chama hiki kilianzia California mwaka 1924, na utaratibu wake ni wa kusimama na kuongea, si wa kufundishwa darasani. Hotuba ya kawaida uliyoiandaa ni dakika 5 hadi 7. Kuna taa: kijani ikiwaka ujue muda wa chini umefika, njano unakaribia mwisho, nyekundu malizia. Kuna mtu kazi yake ni kuhesabu kila "aaa", "mmm" na "yaani" uliyotoa. Halafu kuna maswali ya papo hapo: unapewa swali hujawahi kuliona, unajibu kwa dakika 1 hadi 2.

Ila kinachonifanya nibaki ni mtathmini. Mtu anasimama mbele ya wote anasema hapa ulitushika, hapa ulitupoteza, na wiki inayofuata jaribu hivi. Kazini nani atakuambia hayo? Bosi atasema "umeongea vizuri", basi.

Upungufu wake nao nauona. Klabu niliyomo inaendeshwa kwa Kiingereza, na wewe wasikilizaji wako ni wa Kiswahili. Kuna ada mara mbili kwa mwaka. Lakini mgeni anaruhusiwa kuhudhuria bila kulipa, na zipo klabu zinazokutana kwa intaneti. Ingia kama mgeni kwanza.

MC_wa_Kanda_ya_Ziwa:
Mkuu KipazaDar umeeleza vizuri, ila kuna jambo moja. Mwanachama wa klabu amekuja kusikiliza hotuba. Mama wa kliniki amekuja kupimwa, ana njaa, ameacha mtoto kwa jirani. Hao ni watu wa aina mbili tofauti kabisa.

Kwenye send-off au kitchen party hakuna aliyekuja kwa ajili yako, na hapo ndipo unajifunza kuushika ukumbi. Vijana wanaonifuata nawafundisha mambo haya. Fika mapema, salimia watu wa meza za nyuma, jua majina mawili matatu, maana ukishamtaja mtu kwa jina meza nzima inageuka. Sentensi ya kwanza iwe na kitu ndani yake, usiimalize kwenye itifaki. Na watu wakipiga kelele usipandishe sauti, nyamaza. Ukumbi ukisikia kimya unageuka wenyewe. Hili la mwisho linawashinda wengi kwa sababu kimya kifupi tu kwa anayeongea kinaonekana kirefu mno.

Dada, ukipata MC anayeheshimika huko kwenu, mwombe akupe sehemu ndogo tu: kutambulisha wageni, au kusoma ratiba. Hutalipa kitu.

Ustadh_Mrima:
Amani iwe kwenu. MC kasema kweli kuhusu kimya, lakini nina wasiwasi na njia yake kwa kazi ya huyu dada. Sherehe inafundisha kuchangamsha watu. Mama akianza kutokwa damu saa nane usiku hatahitaji kukumbuka kwamba nesi alichangamsha. Anahitaji kukumbuka kwamba hiyo ni dalili ya hatari na asisubiri asubuhi. Kipimo chako kiwe hicho.

Mimi natoa darsa kwa watu wa rika zote. Mtume (SAW) alihimiza hotuba ya Ijumaa iwe fupi, na nimeona hekima yake. Chukua jambo moja kwa siku. Leo dalili za hatari peke yake, kesho chandarua. Na badala ya "mna swali?", mgeukie mmoja kwa upole: "Dada yangu, ukifika nyumbani mumeo akikuuliza leo mmeambiwa nini, utamjibuje?" Akijibu, wenzake watamsaidia, na wewe utajua palipobaki giza.

MC_wa_Kanda_ya_Ziwa:
Ustadh, hilo swali la mume nalichukua. Ila nasisitiza, hawatafika kwenye kulijibu kama hukuwashika mwanzoni.

Mwalimu_Mombasa:
Nafundisha mdahalo shule ya upili. Mdahalo unakupa wepesi wa kupanga hoja na kutoogopa kupingwa, utakusaidia ukisimama mbele ya viongozi. Kwa akina mama nisingeupendekeza, kwani unazoesha mtu kuongea ili ashinde.

Chifu_Kodi:
Kuhusu kozi: nililipia moja. Siku mbili za slaidi na cheti kizuri, nikasimama kuongea mara moja tu, mwisho kabisa. Sisemi kozi zote ni hivyo. Dale Carnegie, yule mwalimu wa Marekani wa kuongea mbele za watu, alipoanza kufundisha watu wazima pale YMCA (jumuiya ya vijana wa Kikristo) ya New York mwaka 1912, njia yake ilikuwa kuwasimamisha wanafunzi waongee. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa uliza: nitasimama mara ngapi, na nani atanisahihisha? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, achana nao.

Fundi_Sauti:
Nimefanya kazi redioni na kura yangu ni kujirekodi, kwa sababu ndiyo njia pekee unayoweza kuanza kesho. Sikiliza sauti peke yake, uandike ni wapi wewe mwenyewe umechoka kusikiliza. Wengi wetu tunashusha sauti mwishoni mwa sentensi, na neno muhimu la Kiswahili mara nyingi liko mwishoni.

Halafu sikiliza wakubwa. Hotuba ya Mwalimu Nyerere pale Diamond Jubilee, Novemba 1978, wakati wa vita na Amin: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Maneno ya kawaida kabisa. Sikiliza anavyosimama baada ya kila kipande, na anavyoacha ukumbi umalizie kwa makofi. Dada, dalili zako za hatari unaweza kuzipanga hivyo hivyo: damu ikitoka, njoo, kichwa kikiuma sana, njoo, mtoto akipunguza kucheza, njoo. Baada ya ya pili, hilo "njoo" watalisema wao.

Muuguzi_Tanga:
Asanteni sana, hilo la "njoo" nalijaribu Jumatatu. Kozi naiacha. Nitajirekodi kuanzia wiki hii, nitaingia klabu ya mtandaoni kama mgeni nione tathmini yao, na kwa ajili ya mikutano ya vijiji nimepata MC wa kumwomba sehemu ndogo. Fundi, kurekodi kliniki si tatizo? Akina mama wanaongea mambo yao ya ndani pale.

Fundi_Sauti:
Video usichukue kabisa. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, waambie akina mama, rekodi sauti yako tu, simu iwe mfukoni mwa koti lako. Yakianza maswali yao, zima. Ukishasikiliza na kuandika, futa siku hiyo hiyo.