Nimechoka na hizi hesabu zenu za milimita kwenye vifaru vya Vita ya Pili

Wakuu, leo nimekuja na povu na silifuti.

Kila nikigeuka nakuta mjadala wa "kifaru bora cha Vita ya Pili ya Dunia", na kila mara ni yale yale. Mtu anabandika jedwali: unene wa bamba la mbele, kipenyo cha mzinga, basi, anatangaza mshindi. Tiger ya Mjerumani mm 100 na mzinga wa mm 88. Sherman ya Mmarekani mm 51 na mzinga wa mm 75. Mjerumani kashinda, wengine mkalale. Halafu wachangiaji wanamiminika: "umemaliza mkuu".

Hajamaliza kitu. Hata hajaanza.

Tuanze na hizo milimita zenyewe mnazozipenda. Bamba la mbele la Sherman za mwanzo halikusimama wima, lililazwa nyuzi kama 56 kutoka wima. Kombora likija moja kwa moja linakutana na chuma cha karibu mm 90 cha kupenya, na mara nyingine linateleza tu. T-34 ya Msovieti nayo ilikuwa na mm 45 zilizolazwa nyuzi 60, pigeni hesabu wenyewe, inakuja mm 90. Yaani sawasawa na Sherman! Lakini humu T-34 inaitwa mapinduzi ya uhandisi, Sherman inaitwa kopo la bati. Kwa nini? Kwa sababu aliyetengeneza jedwali alinakili namba akaacha pembe, na nyie mkanakili kwake bila kuuliza.

Sawa, Tiger bado ilikuwa na chuma kizuri zaidi na mzinga hatari zaidi. Sijakataa, na sitakataa. Uwanja ukiwa wazi, adui yuko mbele, umbali kilomita moja na nusu, mimi mwenyewe ningependa niwe ndani ya Tiger. Shida yangu ni kwamba mnalinganisha kana kwamba vifaru vinashushwa uwanjani kwa kreni, vinapigana dakika kumi, vinarudishwa kabatini.

Tiger ilikuwa na tani 57. Magurudumu yake yalipangwa yakipishana, safu juu ya safu, ili uzito usambae vizuri kwenye minyororo. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa gurudumu la ndani likiharibika, fundi anafungua kwanza yale ya nje yaliyolifunika, nje, kwenye matope, kwenye baridi ya Urusi. Na usiku wa baridi kali matope yale yaliganda katikati ya magurudumu, asubuhi kifaru hakisogei. Kupanda treni napo, minyororo ya vitani ilikuwa mipana mno kwa behewa, mm 725, kwa hiyo ilivuliwa ikavalishwa mingine ya mm 520, na ikifika inavuliwa tena. Likikwama dude, linahitaji magari mawili au matatu ya kuvutia, yale makubwa ya tani 18, tena yakiwa yamefungwa pamoja. Wafanyakazi walikatazwa kuvuta Tiger kwa Tiger nyingine. Walivuta hivyo hivyo, wakaharibu giaboksi ya pili. Zilitengenezwa Tiger I zipatazo 1,350 tu vita nzima. Sherman zilipita 49,000.

Muulizeni dereva yeyote wa lori njia ya Tunduma gari zuri ni lipi. Hatawaambia habari za unene wa bodi. Atawauliza spea zinapatikana wapi.

Panther, nayo ya Mjerumani, ndiyo inayonikera zaidi, maana hiyo hata watu wenye akili wanaiita kifaru bora cha vita nzima. Mzinga wake wa mm 75 ulikuwa mrefu na ulitoboa kuliko hata 88 ya Tiger I, bamba la mbele mm 80 lililazwa vizuri, macho mazuri ya kulengea. Lakini ilipangwa iwe na tani thelathini na kitu, ikaishia karibu 45, na zile gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye minyororo hazikuongezewa ubavu wa kutosha. Ujerumani ilikosa mashine za kutosha za kuchonga gia za aina bora, wakaweka za meno yaliyonyooka. Kursk, Urusi, Julai 1943, zilipelekwa Panther 200, na baada ya siku chache zilizokuwa bado zinatembea zilikuwa chache mno: nyingine zimepigwa, nyingine zimekanyaga mabomu ya ardhini, nyingine zimejifia zenyewe. Wafaransa walizitumia baada ya vita, na ripoti yao ya 1947 ilisema gia zile zilidumu wastani wa kilomita 150. Mia na hamsini! Dar mpaka Morogoro hujafika, umeshashusha gia.

Sherman ikivunja giaboksi mnafungua bolti za pua yote ya mbele, mnaivuta kwa kreni, mnaweka nyingine. Hilo halimo kwenye jedwali la mtu yeyote humu.

Na hii ya "Sherman tano kwa Tiger moja" naomba tuizike leo. Kikosi kidogo kabisa cha vifaru vya Marekani kilikuwa na vifaru vitano. Wakiona Tiger walituma vitano, wakiona kibanda chenye bunduki ya rashasha walituma vitano vile vile. Mtu akageuza idadi ya kikosi ikawa idadi ya maiti.

Kuhusu kuungua, kweli Sherman za mwanzo ziliungua sana, na mnalaumu petroli. Vifaru vya Wajerumani vilikuwa vinakunywa nini? Petroli hiyo hiyo. Kilichokuwa kinawaka hasa ni makombora yaliyopangwa juu ubavuni. Mwaka 1944 wakayahamishia chini sakafuni, kwenye masanduku yenye maji kuta zake, na Sherman zilizopigwa zikawaka zikashuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama asilimia 10 hadi 15.

Kitu kingine mnachosahau ni kwamba kifaru muda mwingi hakipigani na kifaru. Kinapiga askari walioko kwenye mahandaki, mizinga iliyofichwa, nyumba. Ndiyo maana Wamarekani walipoletewa Sherman yenye mzinga mpya wa mm 76 kabla ya kutua Normandy, Ufaransa, makamanda wengine hawakuitaka, kombora lake la kulipuka lilikuwa na baruti kidogo kuliko la mm 75. Matilda ya Mwingereza nayo, mm 78 mbele, Waitaliano walikuwa hawana cha kuifanya jangwani mwaka 1940. Lakini mzinga wake mdogo haukuwa na kombora la kulipuka la maana, kwa hiyo ilipokutana na mizinga ya mm 88 ya Wajerumani iliyochimbiwa mbali, haikuwa na jibu.

Sasa mashabiki wa T-34 msicheke, zamu yenu. Kichwa cha T-34 yenye mzinga wa mm 76, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, kilikaa watu wawili, kamanda ndiye huyo huyo mlenga shabaha. Aongoze, atafute adui, alenge, afyatue, na kwenye nyingi hakuwa na redio ya kusemea, anamfuata kiongozi kwa macho kupitia tundu lisiloona vizuri. Mwaka 1942 Wamarekani waliipima moja kule Aberdeen, Maryland, injini ikafa kwa vumbi kwa sababu kichujio cha hewa kilikuwa cha hovyo. Wasovieti walipoteza T-34 zaidi ya 40,000. Ubora wake ulikuwa injini ya dizeli, minyororo mipana iliyopita kwenye matope na theluji, na viwanda vya Urali vilivyoitema bila kukoma. T-34-85 ya 1944 ndiyo ikaweka watu watatu kichwani, na hapo ndipo ikawa kifaru mnachokisimulia.

Arracourt, Ufaransa, Septemba 1944, Panther mpya kabisa zenye askari wasioiva zilitumwa kwenye ukungu bila wapelelezi wa kutosha, zikakutana na Sherman za kamanda wa Marekani Creighton Abrams na wenzake. Panther zilichapwa. Kwa jedwali lenu matokeo hayo hayawezekani.

Halafu angalieni nini kiliendelea kufanya kazi baada ya 1945. Israel iliweka mzinga wa mm 105 kwenye Sherman. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na Sherman zilizotoka Israel. Somalia ilikuwa na T-34-85 kwenye vita ya Ogaden. Tiger ziko makumbusho. King Tiger, tani karibu 70 zinazosukumwa na injini ile ile ya Panther, moja imesimama mpaka leo kijijini La Gleize, Ubelgiji, ambako Desemba 1944 watu wa Peiper, kamanda wa Kijerumani, waliishiwa mafuta, wakaacha vyombo vyao wakatembea kwa miguu usiku kurudi kwao.

Kubisha ruksa, matusi sitaki. Ila mwenye Tiger aanzie hapa: ikikufia kilomita 40 kutoka stesheni, adui yuko nyuma, daraja lililo mbele linabeba tani 30, unafanyaje?