Bakora chuoni (madrasa), Lamu: tuanzie wapi?

Mama Langoni: Mtoto wa miaka 8 ametoka chuoni na alama za bakora mgongoni. Wazee wasema mwalimu ni mzazi, yaishe nyumbani. Tufanyeje?

Bi Mkomani: Pole sana dadangu. Piga picha leo hii, alama hufifia. Polisi wawape fomu ya P3, ya kuandika majeraha, daktari aijaze. Msimhoji mtoto kila saa. Ataanza kusema anachodhani mnataka kusikia.

Mwalimu wa Shela: Katiba ya Kenya ya 2010, vifungu vya 29 na 53, yamkinga mtoto na adhabu ya viboko, hata chuoni. Simu 116, ya kusaidia watoto, ni bure. Suluhu ya wazee isizuie ripoti. Badala ya bakora, mtoto akikosea sura, arudie aya tatu tatu. Mwenye hofu hahifadhi.