Mama hakushtakiwa ila anatolewa kwenye nyumba, tukate rufaa au tupeleke marejeo Mahakama Kuu?

Mkazi wa Kitangiri:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hapa nyumbani hakulaliki. Mama yangu ni mjane, anaishi Kitangiri kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba, anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, na hiyo nyumba ndo kila kitu alichonacho. Juzi dalali kaja kabandika notisi mlangoni, siku 14 awe ametoka. Kufuatilia ndo tunagundua kaka yetu mkubwa aliuza nyumba kimyakimya, mnunuzi alipoona hakabidhiwi akamshtaki kaka peke yake baraza la ardhi na nyumba, kaka hakutokea, kesi ikasikilizwa upande mmoja, hukumu imetoka mwezi uliopita. Jina la mama halimo popote, samansi hajawahi kuiona. Kaka hapatikani kwenye simu. Sasa mmoja anatuambia tukate rufaa, mwingine anasema rufaa ina mlolongo, pelekeni marejeo Mahakama Kuu ndo njia ya mkato. Tushike lipi?

Ngosha wa Igoma:
Rufaa mkuu. Siku 45 toka hukumu, muda bado mnao.

Kanzu Nyeusi:
Ngosha, hizo siku 45 ni kweli, zipo kifungu cha 41 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, ila rufaa ni ya mdaawa, yaani aliyekuwa mmoja wa pande za kesi. Mama hakuwa mdaawa, akikata rufaa inatupwa kabla hata ya kusikilizwa. Mlango wake ni marejeo, kifungu cha 43 cha sheria hiyohiyo, Mahakama Kuu inaita jalada la baraza na kuangalia kilichofanyika.

Ila huyo anayesema njia ya mkato msimsikilize, watu wanaumia sana hapa. Mwenye haki ya rufaa akiiruka na kukimbilia marejeo anafutiwa, Mahakama ya Rufani ilishalisema kwenye Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella A.G. mwaka 1996 na majaji wanaitumia mpaka leo. Marejeo ni pale rufaa haipo, au imezibwa na mwenendo wa mahakama wenyewe, au kuna mazingira ya kipekee kabisa. Mama yako yupo hapo kwenye la kwanza. Kaka yako hayupo, yeye angetakiwa arudi palepale baraza ndani ya siku 30 aombe hukumu ya upande mmoja itenguliwe.

Muda wa marejeo ni siku 60, msizisubiri ziishe.

Bi Nyanza:
Pole sana mdogo wangu. Huyo kaka aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi?

Mkazi wa Kitangiri:
Hapana dada, mirathi haijawahi kufunguliwa.

Bi Nyanza:
Basi aliuza kama nani? Hilo lisikosekane kwenye kiapo, yale maelezo ya kuapa yanayoambatana na maombi.

Kanzu Nyeusi:
Kabisa. Na kiapo kiwe cha mama mwenyewe, sio chako, aeleze anachokijua: ndoa, ujenzi, risiti za kodi ya jengo, barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba anaishi hapo. Hoja kubwa ni kwamba amehukumiwa bila kusikilizwa.

Mzee wa Buhongwa:
Msisahau zuio!! Jirani zetu huku walifungua marejeo wakatulia wakidhani dalali hagusi, siku moja asubuhi makochi, kabati, mpaka godoro la mtoto vyote nje, mvua inanyesha. Kesi inaendelea na wao sasa wanaishi nyumba ya kupanga.

Kanzu Nyeusi:
Mzee kasema kweli, marejeo peke yake hayamzuii dalali. Fungueni na maombi ya kusimamisha utekelezaji kwa hati ya dharura ili yasikilizwe haraka, amri ikitoka apelekewe siku hiyohiyo. Kama hela ya wakili hakuna, waulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri wawaelekeze kwa watoa msaada wa kisheria, kuna sheria yake ya 2017.

Mkazi wa Kitangiri:
Mungu awabariki. Kesho naenda na mama baraza kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, je karani akisema mama hahusiki?

Kanzu Nyeusi:
Msiombe kwa mdomo. Andikeni barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na kopi. Ile notisi ya mlangoni nayo ipigeni picha kabla haijachanika, itaambatanishwa kwenye kiapo.