Mtwara mjini: tumechoka kuchangishwa madawati ya kuanika chini ya mwembe

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Januari wimbo ni ule ule. Darasa la kwanza limefurika, wazazi wanaitwa kikao, na ajenda ni dawati. Lete dawati au lete hela ya dawati. Jina la shule siweki, maana mwalimu mkuu ndiye atakayebebeshwa lawama na yeye chumba hajengi. Ila naomba tupige hesabu hapa hapa, halafu anayedai dawati aniambie litakaa wapi.

Chumba cha darasa cha ramani ya serikali ni mita 9 kwa 7. Kimekusudiwa watoto 45, yaani madawati 15 ya watoto watatu watatu. Dawati la watatu lina urefu wa mita 1.2 hivi, na likishakaliwa linakula karibu sentimita 90 kwenda nyuma. Toa mita mbili za mbele kwa ajili ya ubao na mwalimu. Upana wa mita 7 unabeba safu nne, na vijia vya mtoto kupita kwa ubavu. Kwenda nyuma unapata mistari saba. Jumla madawati 28, watoto 84, na hapo umejaza mpaka ukutani. Darasa letu la kwanza lina watoto 150. Hata kesho aje mfadhili na lori zima, watoto 66 hawana pa kukaa. Madawati 22 ya ziada yatalala nje, mvua iyanyeshee, mbao zifumuke, vyuma viliwe kutu na huu upepo wetu wa chumvi, na Januari ijayo tuchangishwe tena.

Dawati linapendwa kwa sababu linakabidhiwa. Watu wanasimama nyuma yake wanapigwa picha. Boma, yaani jengo la darasa lililoishia kwenye lenta juu ya madirisha, nani atasimama mbele yake?

Sasa ingia darasani. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawa kwa 150, kila mtoto ana sekunde 12 za mwalimu wake. Daftari moja ukilisahihisha kwa dakika moja tu, na hapo umekimbia, ni saa mbili na nusu kwa zoezi moja la somo moja. Mwalimu anafanya anachoweza: leo anasahihisha safu mbili za dirishani, kesho mbili za mlangoni, waliokaa sakafuni siku akipata nafasi. Ndiyo maana unakuta mtoto kaandika "daba" badala ya "baba" ukurasa mzima, siku ya kwanza, ya pili, ya nne, hakuna alama ya kalamu nyekundu. "b" imeshakuwa "d" kichwani. Kumtoa hapo akiwa darasa la tatu ni kazi ya miezi. Halafu tunaambiwa watoto wa Kusini hawajui kusoma.

Vyoo sitaki hata kuvizungumza sana. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25. Wasichana 500 wanahitaji matundu 25. Hesabuni wenyewe yaliyopo, mkumbuke na mapumziko ni nusu saa.

Kinachoniudhi zaidi ni huku kujifanya tumeshtukizwa. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, kwa hiyo hili wimbi si geni. Uandikishaji unaanza Oktoba. Na watoto wa awali wa mwaka huu ndio darasa la kwanza la mwakani, majina yao yako kwenye daftari la mahudhurio la shule hiyo hiyo! Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na bajeti ya halmashauri inapikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka kilio Januari, sahani zimeshagawiwa. Maombi ya vyumba yanatakiwa yatoke kwenye kikao cha wazazi Oktoba, yakiwa na muhtasari, mahudhurio na sahihi, yapite kamati ya shule, kamati ya maendeleo ya kata, ndipo yafike kwa mkurugenzi. Kikao cha mdomo bila muhtasari ni baraza la kahawa tu.

Na kabla hamjasema "tujenge wenyewe", sikieni. Nguvu za wananchi zinafaa, ila maboma yanakufa kwa makosa yale yale. La kwanza ni kuchimba msingi bila mhandisi wa halmashauri kuja kukagua. Msingi ukishafukiwa hakuna anayejua mna nini chini, na siku ya kuomba fedha za kumalizia mnaambiwa jengo halikubaliki. La pili ni tofali. Kuta za chumba kimoja, juu ya msingi, zinakula kama tofali 800 za inchi sita. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hivi. Fundi akitoa 50 anawaibia, tofali lake unalimomonyoa kwa kidole. La tatu, mchanga wa ufukweni. Ni wa bure, ndiyo, lakini chumvi yake inakula nondo za lenta kutokea ndani na zege linapasuka. Na mkiishiwa hela, msiache nondo na vichwa vya kuta vinywe masika mbili tatu, funikeni kwa saruji. (Mkoa una kiwanda cha saruji, na maboma yamekosa saruji. Haya.)

Fungu la serikali la kumalizia boma limekuwa milioni 12.5 kwa chumba. Hilo ndilo la kudai. Ruzuku ya shule msiitazame, ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, inaishia kwenye chaki na karatasi za mitihani.

Wakati tunasubiri kuta, kuna shifti, na haihitaji tofali hata moja. Watoto 75 asubuhi, 75 mchana. Nayo inataka akili: mwalimu ni yule yule, kwa hiyo apunguziwe vipindi vya madarasa ya juu, la sivyo wiki ya tatu kundi la mchana linaachiwa monita. Chumba kisicho na dari, bati tupu, saa nane mchana na joto la Mtwara, ni tanuri. Na huku kwetu mchana ni wakati wa madrasa, kwa hiyo maustadhi waitwe mapema wapange darasa la asubuhi kwa hao wa mchana. Msipowaita, nusu ya watoto hamtawaona.

Kuna mjumbe atasema tusubiri 2028, eti msingi inakuwa miaka sita, darasa la sita na la saba watakuwa wamemaliza pamoja, na vyumba vitabaki wazi. Sawa. Mtoto anayeanza sasa "daba" yake nani atamtoa?

Kikao ni Jumamosi saa tatu. Wa mtaa wetu mnajijua. Njooni na futi ya fundi, tukipime kile chumba mbele ya mwenyekiti kabla hajafungua ajenda.