Naomba ushauri: stendi ya baiskeli nne kwenye bodi la pikapu, bei nafuu, bila kutoboa bodi

Mrina wa Isevya

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Tabora mjini. Mimi na ndugu zangu tuna mizinga msituni upande wa Sikonge. Lami tunaiacha, tunaingia vumbi hadi kijijini, na pikapu inaishia hapo. Ndani ya miombo ni vijia vya baiskeli na miguu tu, kwa hiyo baiskeli lazima tuende nazo: Phoenix mbili za inchi 28 na mbili za gia za inchi 26.

Siku zote tunazilaza moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa mipira ya tyubu. Tukifika, pedali ya hii imeingia kwenye spoki za ile, na za gia zinateseka zaidi kwa sababu ile mashine ya kubadilishia gia inakaa chini ya uzito wa Phoenix. Ukiingia msituni na gurudumu linalokwaruza breki, safari nzima ni taabu, na kurudi unasukuma ukiwa na asali kwenye keria.

Nataka stendi ya kuzisimamisha. Gari ni la familia, kesho linabeba mahindi, keshokutwa mchanga, kwa hiyo bodi lisitobolewe na stendi itoke kwa watu wawili kuinyanyua. Bodi ni la kabini moja, urefu mita 2.3 na upana mita 1.5 kwa ndani. Kurudi huwa tuna ndoo nne za lita 20 zimejaa asali, nazo zipate mahali. Nina msumeno, drili ya mkono na nguvu. Mashine ya kuchomelea sina. Mfukoni nimetenga elfu sitini. Msimu wa kurina unakaribia, natanguliza shukrani.

Kijana wa Kanyenye

Mkuu, tafuta mabomba ya plastiki, yale ya maji. Nimeona Wamarekani wengi wanatengeneza hivyo: unakata, unaunga kwa elbo na tii, unapaka gundi, umemaliza jioni moja. Ni mepesi, hayashiki kutu.

Seremala Kitete

Kijana wazo lako si baya kwa stendi ya kuweka sebuleni. Kwenye pikapu ya Tabora nalikataa. Bomba la aina hiyo likipigwa jua muda mrefu linakuwa kama kigae, ukiligonga linapasuka. Halafu siku za joto linalegea, maana halikukusudiwa kubeba kitu likiwa limepita nyuzi 60, na bati la bodi lililoegeshwa juani mwezi wa kumi hulikaribii kwa mkono mtupu. Kikubwa zaidi ni maungio. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inatikisa kwa saa nzima bila kupumzika, na gundi haipendi kutikiswa.

Mrina, ngoja nimalize kazi ya mtu hapa nirudi nikuandikie vizuri. Wakati huo nipimie vitu vitatu: upana wa madigadi ya Phoenix (siyo tairi), upana wa usukani wa kila baiskeli, na urefu wa Phoenix kutoka tairi hadi tairi.

Mama Wawili, Kasulu

Habari za huko. Sisi Kasulu tunabeba baiskeli za watoto kwa kuning'iniza gurudumu la mbele nje ya mlango wa nyuma wa bodi, fremu inalala juu ya mlango, chini tunaweka kipande cha godoro kuukuu. Haigharimu chochote. Ila ni baiskeli nyepesi na safari fupi. Phoenix yenye breki za vyuma nisingeiweka hivyo, zile fimbo za breki zinashuka sambamba na fremu na ndizo zitakazobeba uzito. Tena angalieni namba ya gari na taa za nyuma zisifunikwe, hapo trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Fundi Vyuma Ng'ambo

Mimi ni mtu wa kuchomelea, nitasema ukweli ingawa ni dhidi ya biashara yangu. Skwea paipu ya inchi moja ingekufaa na ingedumu kuliko mbao. Lakini paipu, kuchomelea na rangi, elfu sitini haitoshi kazi ya baiskeli nne, na ukija kwa fundi atakayekubali hiyo hela atakuchomelea kwa vidoti. Kidoti kikiachia barabarani unakuwa na chuma chenye ncha karibu na tairi nane. Fanya mbao sasa, ukishaijua stendi inayokufaa ndiyo uje na vipimo vyake tuihamishie kwenye chuma.

Mrina wa Isevya

Asanteni sana wote. Seremala, vipimo hivi: madigadi ya Phoenix sm 6, tairi lake sm 4. Usukani wa Phoenix sm 56, wa zile za gia sm 61. Phoenix urefu mita 1.9, za gia ni fupi kidogo. Za gia hazina madigadi wala keria, tairi lake ni sm 5.

Swali: kuna jamaa ameniambia nifungue gurudumu la mbele, ile mikono miwili inayolishika niibane kwenye ubao kwa boliti ndefu. Inafaa?

Seremala Kitete

Nimerudi. Naanza na swali lako. Kwa za gia inafaa kabisa, nyingi upana wa hapo ni sm 10, unachonga gogo la upana huo, unapitisha boliti ndefu, unakaza kwa nati pande zote mbili. Kwa Phoenix nasema hapana. Kufungua gurudumu la mbele ni kugusa nati, nguzo za madigadi na breki, na ukirudisha utaanza kupanga upya vile viatu vya breki. Hiyo siyo kazi ya kufanya kila mnapofika kijijini. Baiskeli ziingie na magurudumu yake.

Sasa sikiliza kwa nini stendi nyingi za kujitengenezea zinapinda magurudumu. Mtu anachimba kijishimo cha kushika tairi kwa chini tu. Gari likiyumba, baiskeli nzima inalala pembeni, na uzito wote unaishia kwenye rimu pale chini. Spoki hazikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni. Gurudumu lishikwe kuanzia chini hadi karibu na juu.

Chukua mbao za paina, ni nyepesi. Mninga ni fahari yetu watu wa Tabora lakini uweke kwenye kitanda, hapa utakutia uzito na hela. Mbao mbili za inchi mbili kwa nne, urefu futi 12, na mbili za inchi mbili kwa mbili, urefu futi 12. Zinatosha.

Kata vipande vitatu vya mbili kwa nne, kila kimoja mita 1.4. Viwili vilaze sakafuni kukingama bodi, vilale kwa ubapa, na katikati yake uache uwazi wa sm 35. Gurudumu linadumbukia kwenye uwazi huo: tairi linagusa sakafu na mbao zinalibana mbele na nyuma, haliendi wala halirudi. Nimepiga hesabu, la inchi 28 na la inchi 26 yote yanakaa hapo, tofauti ni ndogo. Ziunge mbao hizo mbili kwa vipande vya mbili kwa nne kwenye ncha zote mbili.

Juu ya ubao ule wa upande wa kabini simamisha nguzo za mbili kwa mbili, mbilimbili kwa kila baiskeli, kimo sm 75. Gurudumu linapita katikati ya nguzo mbili na sehemu yake ya mbele inatokeza upande wa kabini. Kwa hiyo ubao wa tatu, wa juu, uufunge kwenye vichwa vya nguzo, usiuweke katikati ya kimo maana utagonga gurudumu. Mabaki ya mbili kwa nne yafanye viegemeo vya mshazari, kimoja kila upande, stendi isilale.

Uwazi wa nguzo ndipo nilipohitaji vipimo vyako. Kwa Phoenix acha sm 7 ili madigadi yapite, kisha kwa chini, usawa wa rimu, ongeza vibao vyembamba pande zote mbili mpaka ibaki sm 4.5, uvivishe tyubu kuukuu. Kwa za gia acha sm 5.5 moja kwa moja, nazo uzivishe tyubu.

Kijana wa Kanyenye

Nimeelewa kuhusu plastiki, asante mzee. Lakini usukani je? Sm 61 mara nne ni zaidi ya mita 2, bodi ni mita 1.5.

Seremala Kitete

Umeona vizuri. Zinapangwa kichwa na mkia. Phoenix zote mbili zinaingia kwa gurudumu la mbele, za gia zinaingia kwa la nyuma, zikipishana: Phoenix, gia, Phoenix, gia. Usigeuze kinyume. Phoenix nyuma ina keria, nguzo zake na ile stendi ya miguu miwili, vyote vitagonga nguzo zetu. Ya gia nyuma iko wazi, na mashine yake ya gia iko karibu na ekseli, haifiki kwenye nguzo.

Toka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya linalofuata weka sm 32. Hapo Phoenix na Phoenix zimeachana sm 64, usukani hazigusani, na za gia hivyo hivyo. Usukani wa zile za pembeni utatokeza kidogo kwa juu, juu ya ukuta wa bodi, sawa tu kama haupiti upana wa gari.

Boliti, washa na nati kila mahali pa kubeba. Misumari itatoka yenyewe kabla hamjafika Sikonge.

Mrina wa Isevya

Mzee Seremala, shikamoo. Nimechora kwenye karatasi na nimeelewa kila kitu isipokuwa kimoja. Baiskeli zikishaingia, ndoo zangu nne zinakaa wapi? Pembeni naona hapatoshi.

Mpanda Baiskeli, Ipuli

Naomba nijibu hili, maana mimi husafirisha baiskeli zetu za mazoezi. Usiegemeze stendi kwenye ukuta wa kabini. Iache sm 32 nyuma. Phoenix ni mita 1.9, ukijumlisha sm 32 unapata mita 2.22, bodi lako ni 2.3, mlango wa nyuma unafunga. Gurudumu linatokeza mbele ya ubao na kuingia kwenye pengo hilo, kwa hiyo hizo sm 32 pima kuanzia ncha ya tairi, siyo kuanzia kwenye ubao.

Kwenye pengo hilo ndoo ya lita 20 inaingia, ina upana wa kama sm 30. Nne kwa mstari ni mita 1.2. Na ndipo mahali pazuri pa uzito. Asali ni nzito kuliko maji, lita 20 inakaribia kilo 28, nne ni zaidi ya kilo 110. Uzito huo ukae mbele ya ekseli ya nyuma ya gari, siyo mlangoni.

Ila ndoo zisifanywe kizuizi. Ukifunga breki ghafla, stendi na baiskeli nne zitakuja mbele na ndoo ni plastiki. Kata mbao mbili za kufika kutoka kwenye stendi hadi ukuta wa kabini, moja kila pembe, zibebe msukumo huo. Ndoo zikae katikati yake.

Seremala Kitete

Amesema vema huyu. Hizo mbao mbili chukua za mabaki ya dukani, ndefu kama sm 50, ukizipunguza taratibu mpaka zibane. Na ncha zake zivishe tyubu zisikwaruze rangi.

Mama Wawili, Kasulu

Na nyuma zinafungwaje? Maana mbele zimeshikwa, lakini mkia utacheza.

Mpanda Baiskeli, Ipuli

Swali zuri dada. Mpira mmoja wa tyubu kwa kila baiskeli, unatoka kwenye fremu unavuta kwenda chini kwenye ubao wa sakafuni, unaishindilia baiskeli kwenye uwazi wake. Kisha kamba moja ya manila ikatize kwa nyuma, kutoka pete ya bodi upande huu hadi ule, ikizunguka kila gurudumu mara moja. Mpira peke yake unanyumbulika, kamba peke yake inalegea, viwili pamoja vinasaidiana. Stendi yenyewe nayo ifungwe kwa manila kwenye pete za bodi, pembe zote nne. Simameni mkiacha lami, mkaze tena.

Pedali zigeuzwe kabla ya kukaza: ya baiskeli hii ielekee chini pale ya jirani inapoelekea juu. Na ile stendi ya miguu miwili ya Phoenix ifungwe kwa mpira isidondoke.

Mrina wa Isevya

Nimenunua mbao leo na boliti, na hela imebaki. Kesho naanza kukata. La mwisho: mbao nipake nini? Hapa nyumbani kuna oili chafu ya gari, mchwa hawaisogelei.

Seremala Kitete

Oili chafu hapana, kwa sababu ya asali. Inanuka miezi, inashika kwenye ndoo, mnunuzi akifungua mfuniko ananusa gereji. Wewe una nta. Iyeyushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, usiweke nta juu ya moto moja kwa moja maana inawaka. Paka ikiwa ya moto kwa kitambaa, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maji huanzia kunywewa hapo. Itazuia mvua, lakini mchwa haitawazuia, kwa hiyo stendi ikiwa haitumiki itundike ukutani, isilale chini. Boliti nazo zipitishe kwenye nta kabla ya kuziingiza, siku ya kufungua zitakutii.