Mafundi wa AC na friji Mombasa: kazi gani ilikufunza kuishi na mteja? Tupeane uzoefu

Fundi wa Kisauni
Salamu kwenu nyote. Kaskazi ishaingia, joto limepanda na simu hazinyamazi. Msimu huu ndio wetu wa kupata riziki, na ndio tunaogombana na watu kuliko wakati mwingine wowote.

Nina kijana namfundisha, huu mwaka wake wa pili. Mkono mwepesi, kuchomelea paipu ya shaba ananishinda mimi. Lakini wiki jana mama mmoja wa Nyali alinipigia: "Fundi, huyo kijana wako asirudi kwangu." Hakuiba, hakuvunja kitu. Aliingia, akatia gesi, akataka elfu tatu na mia tano, akaenda zake. Baada ya siku tisa AC yapuliza joto tena, na mama wa watu hajui hata mashine yake iliugua nini.

Sikumgombeza sana, maana na mimi nilipitia humo. Zamani kulikuwa na ofisi moja mjini nikiitia gesi kila baada ya miezi mitatu. Siku moja mhasibu wao akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, hii gesi huwa yaenda wapi?" Nikakosa jibu. Gesi ya AC haichomwi kama petroli, yazunguka ndani ya paipu miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Nilishuka chini, nikachanganya sabuni na maji, nikapaka kwenye nati za mashine ya nje. Kwenye nati ya paipu nyembamba yakatokea mapovu madogo kama choroko, moja baada ya jingine. Nusu ya mzingo wa spana yakakoma. Mwaka mzima nimewauzia watu gesi kwa sababu ya nati iliyolegea.

Tangu siku hiyo sitii gesi kabla mteja hajayaona mapovu kwa macho yake. Sasa nataka kusikia zenu, mafundi na wateja pia. Nani alikufunza, na kazi gani ilikukomaza?

Binti wa Mikindani
Kaka, yangu ni ya Mji wa Kale. Nilibisha hodi, mzee akafungua, akatazama nyuma yangu: "Fundi yuko wapi?" Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia fundi ni mie. Nikavua viatu mlangoni, nikaomba shuka kuukuu nifunike kitanda, kwa kuwa AC ilikuwa juu yake. Hilo la shuka sikufunzwa chuoni, nilifunzwa na mamangu.

Fundi aliyetangulia alishamwambia kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, imekufa, anunue mashine nyingine. Mimi nilizima stima, nikafungua mashine ya nje, kwanza nikaitoa chaji kapasita, kile kidude kinachoisaidia kompresa kuwaka (wadogo zangu mnaojifunza, hii kitu hushika umeme hata swichi ikiwa imezimwa, msiiguse hivi hivi). Juu yake imeandikwa kipimo chake, 35. Mita ikasoma 19. Nikamwita mzee, nikamwekea mita mbele yake, nikamwambia asome mwenyewe namba mbili zile. Akavaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe ni hichi kidude tu?"

Nilipima umeme wa kompresa nao kabla ya kusema neno, maana ningekuwa nimekosea ningempa mzee matumaini ya bure. Nikaweka kapasita mpya, ikawaka. Siku hizi yeye ndiye hunitafutia kazi mtaani kwao, na akimtaja fundi husema "binti yangu".

Muuza Samaki, Likoni
Mimi si fundi, ila nimewalipa wengi. Friza langu likizima, mtaji wangu wote umo ndani. Fundi wa kwanza aliniambia "naja saa nne". Saa nne ikapita, adhuhuri ikapita, simu hashiki. Alikuja baada ya alasiri, eti feri. Feri sote twaijua! Kama umekwama, si unipigie?

Wa pili naye alikwama hapo hapo kwenye feri. Huyu alinipigia: "Dada, nimechelewa, sitafika kabla ya saa saba. Usilifungue friza hata mara moja, baridi itakaa. Mwambie mtu alete barafu karibu, tukilifungua tuhamishe samaki mara moja." Alifika saa saba na robo. Samaki wote wazima. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya yule mwingine na nililipa bila kuvutana.

Mzee wa Changamwe
Mie nilianza kwa kubeba sanduku la vyombo la fundi wangu, hakuna darasa. Ujuzi ninao, karatasi sina, na kila zabuni ya hoteli naambiwa leta cheti. Nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu nikaenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, nimekaa na vijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Msione haya. Nendeni.

Nawaambia kwa uchungu: usipime uvujaji kwa oksijeni. Nimeona karakana moja wakifanya hivyo kwa sababu mtungi ulikuwa karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Tumia naitrojeni kavu. Kijana mmoja wa pale aliungua mkono wa kulia, na ndio mkono wa kazi.

Na mteja mwenye mashine kongwe inayotumia gesi ya R22, mwambieni ukweli. Gesi ile huharibu ozoni, imo katika zile zinazoondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo kuipata kutazidi kuwa taabu. Wala msimtilie R410A, gesi ya mashine za baadaye, humo ndani. Presha yake ni kubwa zaidi na mafuta yake ni mengine. Mashine itakufa na jina lako nalo.

Fundi wa Bamburi
Kwetu ufukweni adui ni chumvi. Yale mabati membamba ya alumini ya mashine ya nje huliwa mpaka ukiyagusa yanabomoka kama biskuti. Naosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na siku ya kufunga mashine nampa mteja karatasi yenye tarehe ya sevisi ijayo. Kichujio cha ndani namfunza kuosha mwenyewe. Wenzangu husema najinyima kazi. Sijaona.

Fundi wa Kisauni
Mzee, hapo pa oksijeni nimemsomea kijana mara mbili.

Jana nilimrudisha Nyali, mimi nikakaa kwenye ngazi. Alipata uvujaji kwenye kiungo cha nyuma, akamwita mama aje na tochi ya simu aone. Mama akamuuliza kwa nini paipu moja ina maji na nyingine kavu. Kijana akamjibu, "Hiyo sijaijua vizuri mama, ngoja nimuulize mwalimu wangu." Akaja kuniuliza, nikamweleza, akarudi akamweleza mama kwa maneno yake mwenyewe. Wakati wa kupiga vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwenye paipu, tuliletewa chai na mahamri, vikombe viwili. Miaka minne naingia nyumba ile, chai sikuwahi kupewa.

Binti wa Mikindani, hiyo ya shuka nimeichukua. Leo nimenunua mbili.